Kioo cha Kichwa-Juu: Namna Piloti Anavyosoma Saa Zake Bila Kuinama



Katika namba hii tunataka kuongea juu ya kioo kimoja. Si kile cha kujitazama kabla ya kwenda darasani. Ni kioo kinachowekwa mbele ya macho ya piloti wa ndege, na juu yake mwanga unaandika mbio ya ndege, kimo chake, na mstari wa upeo. Wafaransa wanakiita tête haute, ni kusema kichwa juu, sababu piloti anasoma pasipo kuinamisha kichwa. Sisi tutakiita kioo cha kichwa-juu.

Mtu atauliza: "Jambo hilo linatuhusu nini sisi watu wa Pangi?" Linatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza: kwetu barabara ni mbaya, na wakati wa mvua mgonjwa ao sanduku la dawa linaweza kukwama njiani. Hapo ndege ndogo ndiyo inaokoa. Ndege za MAF, zile zinazosaidia makanisa na hospitali, zinaruka katika Kongo toka miaka ya 1960, na viwanja vingi zinamoshuka ni vifupi, pori pande zote.

Ya pili: siku hizi kuko watu wanaojenga ndege yao wenyewe, nyumbani kwao, na wengine kati yao wanapenda kuweka kioo hiki. Kazi hiyo inasimama juu ya fizike ileile tunayoandika katika madaftari yetu: lenzi, kioo, pembe. Mwenye kuifahamu vizuri anatengeneza chombo cha kuokoa. Mwenye kuifahamu nusu anatengeneza chombo cha kudanganya, na katika anga kudanganywa ni kufa. Tuone namna gani.

1. MACHO MAWILI, KAZI MBILI

Mbele ya piloti wa ndege ndogo kuna saa sita za msingi. Moja inaonyesha mbio katika hewa. Ya pili inaonyesha kama ndege imelala upande ao imeinua pua. Ya tatu inaonyesha kimo juu ya bahari. Ya ine inaonyesha kugeuka, ya tano inaonyesha upande inakoelekea, na ya sita inaonyesha kama inapanda ao inashuka. Zote ziko chini ya dirisha, karibu na magoti yake.

Sasa piloti anataka kushuka. Anapaswa kutazama nje, aone kiwanja, aone kama kuna mbuzi ao watoto katikati. Tena anapaswa kutazama ndani, aone mbio yake. Mbio ikipungua sana, mabawa hayabebi tena na ndege inaanguka. Mbio ikizidi, kiwanja kinakwisha ndege ingali inakimbia.

Tufanye hesabu. Tuseme ndege inashuka kwa mbio ya kilometa 108 kwa saa. Gawanya: ni meta 30 kwa kila sekunde. Piloti akiinama sekunde mbili tu kusoma saa, ndege imekwenda meta 60 pasipo mtu kuona mbele. Katika kiwanja cha meta 600, hiyo ni sehemu moja kwa kumi.

Na si kichwa peke yake kinachochelewa. Jicho vilevile lina kazi. Jaribu sasa hivi: inua kidole karibu na uso, kisha tazama mti ulio mbali. Ukiangalia mti, kidole kinakuwa sawa na ukungu. Ukiangalia kidole, mti unapotea. Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo inayojikaza kwa vitu vya karibu na kulegea kwa vitu vya mbali, na kazi hiyo inakula muda. Kwa vijana ni muda mdogo. Kwa mtu wa miaka 50 ni mrefu zaidi, ndiyo maana wazee wetu wanashika Biblia mbali na uso.

2. NDANI YA UKUNGU

Kwetu asubuhi ukungu unapanda kutoka Elila, Ulindi na Lualaba, na kufunika pori lote. Piloti akiingia ndani yake, upeo unapotea. Upeo ni pale mbingu na dunia zinapoonekana kukutana. Mtu pasipo upeo hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi, hata akijisikia vizuri. Mwili unadanganya.

Mwaka 1954 chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kilitangaza jaribio juu ya jambo hili. Walichukua mapiloti 20 wasiozoea kuruka kwa saa peke yake, wakawafunika wasione nje, sawa vile wameingia katika wingu. Wote 20 walishindwa kuongoza ndege. Wa haraka alishindwa kwa sekunde 20, wa mwisho kwa sekunde 480. Katikati yao ni sekunde 178, hata dakika tatu haijatimia. Kisha wakafundishwa namna ya kutazama saa na kugeuka polepole ili kutoka katika wingu, na baada ya mafundisho karibu wote waliweza.

Tukamate mambo mawili hapo. Saa zinaokoa. Na mafundisho yanaokoa kuliko saa.

3. KIOO KINAANDIKA NINI?

Kioo cha kichwa-juu kinachukua habari za zile saa na kuziweka mbele ya macho, juu ya picha ya dunia yenyewe. Kwa kawaida kushoto kuna namba ya mbio, kuume kuna namba ya kimo, na juu kuna upande wa dira. Katikati unapita mstari mrefu, ndio upeo. Ndege ikilala upande, mstari unalala kinyume chake, ili ubaki sawa na upeo wa kweli wa nje. Tena kuna kiduara kidogo chenye mabawa mafupi. Hicho kinaonyesha pale ndege inapokwenda kweli, si pale pua inapoelekea. Piloti akitaka kushuka, anaweka kiduara kile juu ya mwanzo wa kiwanja na kukishika pale.

Mtu asikosee namba ya kimo. Ndege ikisimama katika kiwanja cha Kindu, magurudumu chini, kioo hakisomi sifuri. Kinasoma karibu meta 500, ni kusema zaidi ya futi 1,600, sababu Kindu yenyewe iko kimo hicho juu ya bahari. Piloti asiyejua hivyo atafikiri angali juu sana, kumbe miti iko chini ya magurudumu.

4. SIRI YAKE NI LENZI

Wengi wanafikiri kioo hiki ni maandishi tu juu ya kioo. Hapana. Kama ungeandika namba kwa chaki juu ya dirisha la ndege, jicho lingepaswa kujikaza kuzisoma, na kiwanja kingepotea kama ule mti wa mfano wetu. Maandishi ya kioo cha kweli yanaonekana mbali sana, pale kwenye miti na upeo. Jicho linatazama mbali tu, na linaona vyote viwili pamoja.

Namna gani? Mnajua katika masomo ya mwanga: kitu kikiwekwa kwenye fokasi ya lenzi iliyovimba katikati, miali yake inatoka ikiwa sambamba. Na miali sambamba ndiyo inayotufikia kutoka kitu kilicho mbali sana, kama nyota. Kwa hiyo jicho linadanganyika kwa wema: linaona namba kama ziko mbali bila mwisho, ingawa ekra inayoziwasha iko karibu na mikono ya piloti.

Hii tunaweza kuijaribu katika maabara yetu, ao hata nje ya darasa. Vinavyotakiwa ni vitu vine: lenzi ya kukuza maandishi, taa ndogo ao telefone, karatasi nyeusi ngumu, na kipande cha kioo safi kisicho na kona kali.

Kwanza pima fokasi. Simama ndani ya nyumba, pokea picha ya mti wa nje juu ya karatasi kwa kupitisha lenzi. Pale picha inapokuwa safi, pima toka lenzi hata karatasi. Tuseme umepata santimeta 20.

Pili, kata alama ya msalaba mdogo katika karatasi nyeusi, uiweke juu ya taa, taa ikiangalia juu. Weka lenzi juu yake kwa santimeta 20 zile. Juu ya lenzi inamisha kioo kwa pembe ya digrii 45.

Tatu, tazama kupitia kioo kuelekea mti wa mbali. Msalaba wa mwanga utaonekana umekaa juu ya mti. Sogeza kichwa kidogo kushoto na kuume: msalaba haubanduki kwenye mti. Kisha ondoa lenzi na ufanye tena. Sasa msalaba unakimbia kila mara kichwa kinaposogea.

Onyo moja: usielekeze lenzi kwenye jua kamwe. Inaunguza karatasi, na jicho vilevile.

Ule msalaba unaokimbia ndio hatari yenyewe. Tuseme piloti ana kioo kisicho na lenzi, picha yake iko santimeta 70 kutoka macho yake. Ndege ikitikiswa na upepo na kichwa chake kikisogea santimeta 5 tu, alama inahama digrii 4 hivi juu ya picha ya dunia. Anafikiri ndege imegeuka, kumbe ni shingo yake.

5. KILITOKA WAPI?

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1900 Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin huko Ireland, alitengeneza kioo cha kulengea bunduki kwa lenzi na kioo cha kuinama, namna ile tuliyoeleza. Katika vita vya dunia ndege za kupigana zikakitumia kulenga. Baada ya vita wataalamu wakaongeza namba za mbio na kimo. Ndege ya Kiingereza Buccaneer, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, inatajwa kati ya zile za kwanza kuwa nacho.

Kisha kikaingia katika ndege za wasafiri. Boeing 787, iliyoanza kazi mwaka 2011, inatoka kiwandani na vioo viwili, kimoja kwa kila piloti. Ethiopian Airlines walizipata mwaka 2012, Kenya Airways mwaka 2014. Basi Waafrika wengi wamekwisha kusafiri nyuma ya kioo hiki bila kujua.

Na wajenzi wa nyumbani? Huko Marekani Paul Poberezny alianzisha mwaka 1953 chama cha watu wanaojijengea ndege, kinachoitwa EAA, na kila mwaka wanakutana Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, na ndege zao. Katika Afrika vilevile watu hawakulala. Gabriel Nderitu wa Nyeri, Kenya, mtu wa kazi ya kompyuta, alijulikana toka mwaka 2010 kwa kujijengea ndege penye nyumba yake kwa kusoma mambo katika intaneti. Na mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika ya Kusini, wanafunzi kama ninyi, waliunganisha ndege ya viti vine aina ya Sling 4 kutoka vipande vya kiwanda kwa muda wa wiki tatu hivi. Megan Werner, msichana wa miaka 17, alikuwa kichwa cha mpango ule. Wakaruka toka Cape Town hata Cairo, safari ya karibu kilometa 12,000, wakipita hata Malawi, Zanzibar na Uganda.

Hatusemi kwamba ndege zile zilikuwa na kioo cha kichwa-juu. Tunasema kwamba ndege ya kujijengea haiko tena hadithi ya Wazungu peke yao. Na anayejijengea ndege anaanza mapema kufikiri: "Na mimi niweke kioo kama kile cha ndege kubwa."

6. MJENZI ANAFANYA NAMNA GANI?

Kuna viwanda vinavyouza vioo hivi kwa ndege ndogo, lakini bei yake ni kubwa. Ndiyo maana wengine wanajaribu njia rahisi: wanalaza telefone mbele ya dirisha, ekra ikiangalia juu, na juu yake kipande cha kioo kilichoinama. Programu inaandika namba kinyume, sababu kioo kinageuza maandishi. Usiku, juu ya meza, inapendeza sana. Lakini mchana, angani, matatizo yanaanza kutoka moja moja.

Tatizo la kwanza ni lile la lenzi. Tumekwisha kulisema.

La pili ni jua. Kioo cha kawaida kinarudisha mwanga kidogo tu, karibu 4 kwa 100 kwa kila uso, nyuso mbili 8 kwa 100. Unaobaki unapita. Mwanga wa telefone ukipunguzwa hivyo hauwezi kushindana na wingu jeupe la saa sita ya mchana. Kwa hiyo viwanda vinapaka kioo dawa nyembamba ya kurudisha mwanga zaidi pasipo kufunga njia ya macho, tena vinatumia taa kali sana.

La tatu ni picha mbili. Uso wa mbele wa kioo unarudisha picha, wa nyuma unarudisha nyingine, na namba inaonekana ina kivuli. Piloti anasoma 80 ao 88? Hapa tena lenzi inasaidia: miali ikiwa sambamba, na nyuso za kioo zikiwa sambamba, picha mbili zinakaa pamoja.

La ine, wengi hawalifikiri: lenzi inayotoa mwanga inaweza kupokea mwanga vilevile. Ndege ikigeuka na jua likaingia kupitia kioo, lenzi inalikusanya juu ya ekra na kuiunguza, sawasawa na majaribio ya watoto ya kuchoma majani. Mjenzi mwenye akili anapanga sanduku lake ili njia ya jua ifungwe.

La tano: kioo kisiwe kile cha dirisha la nyumba. Ndege ikigonga chini, kichwa cha piloti kinakwenda mbele, na kioo kiko pale pale mbele ya uso. Kinapaswa kuwa cha namna isiyokatika vipande vikali, na kukunjika ao kung'oka kikigongwa.

7. NANI ANAKIAMBIA KIOO?

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Kioo hakijui kitu. Kinaandika vile kinavyoambiwa. Basi nani anakiambia?

Tuchukue mbio. Saa ya kweli ya mbio inapokea hewa kupitia bomba ndogo inayotazama mbele, nje ya ndege. Inapima mbio katika hewa, ndiyo ile inayobeba mabawa. Telefone inapima mbio juu ya udongo kwa njia ya satelaiti. Je, si kitu kimoja? Hapana. Tuseme upepo unasukuma ndege kutoka nyuma kwa kilometa 20 kwa saa. Telefone inaandika 110 juu ya kioo, piloti anafurahi. Kumbe mabawa yanaona 90 tu. Kama ndege ile haiwezi kubebwa chini ya 95, itaanguka wakati kioo kinaandika habari njema.

Tuchukue mstari wa upeo. Wengi wanafikiri telefone inajua chini ni wapi, sababu ina programu kama ile nivo ya mwashi. Chini, juu ya ukuta, ni kweli. Lakini weka chupa ya maji katika ndege inayogeuka vizuri, imelala upande digrii 30. Maji yanalala namna gani? Yanabaki sawasawa na sakafu ya ndege, sawa vile haijalala hata kidogo! Nguvu ya kugeuka inajiunga na uzito, na zote mbili pamoja zinasukuma kuelekea sakafu. Ndiyo sababu msafiri anakunywa chai katika ndege inayogeuka pasipo kumwaga. Na ndiyo sababu mwili wa piloti unadanganyika katika wingu.

Basi nivo ya telefone inadanganyika pamoja naye. Kioo kitaandika "sawa" wakati ndege inazunguka kushuka. Piloti aliyetafuta msaada wa macho amepata shahidi wa pili wa uongo.

Dawa yake ni vipimo vya mzunguko, vinavyoitwa jiroskopu. Vinahesabu kila kugeuka toka mwanzo. Hata telefone inavyo vidogo, lakini makosa yake madogo yanakusanyika dakika kwa dakika, sawa na saa ya ukuta inayochelewa. Vyombo vizuri vya ndege vinasahihisha makosa hayo kwa kulinganisha jiroskopu na mbio ya hewa, satelaiti na dira, wakati wote. Hapo ndipo bei inapotoka, si kwenye kioo.

8. DIGRII MOJA

Hata vipimo vikiwa vya kweli, kioo kikifungwa vibaya kinaharibu kila kitu. Tufanye hesabu ya mwisho.

Ndege inashuka kwa pembe ya digrii 3. Ikibaki kilometa moja kufika, kimo chake ni meta 52 hivi. Tuseme kioo kimepinda digrii moja, na piloti anafuata alama yake kwa uaminifu. Badala ya digrii 3, anashuka kwa digrii 2. Toka kimo kile cha meta 52 atagusa udongo baada ya meta 1,500, si 1,000. Amepita mahali pake kwa meta 500. Kwenye kiwanja kirefu cha mji mkubwa, anacheka tu. Kwenye kiwanja cha meta 600 katika pori letu, anaingia mitini. Kosa likiwa upande wa pili, digrii 4, anagusa meta 250 kabla ya kiwanja, mitini vilevile.

Mwenye kusoma trigonometria afanye hesabu hii kwa tanjenti, atapata namba hizo.

Namna ya kulinganisha kioo ni ya uvumilivu, si ya fedha. Mjenzi anasimamisha ndege kwa magogo mpaka ikae kama inavyoruka. Anakaa kwenye kiti chake. Rafiki yake anachukua bomba laini lenye maji, lile waashi wanalotumia kupima msingi wa nyumba, na kupeleka kimo cha macho ya piloti hata nguzo iliyo meta 30 mbele. Anachora alama pale. Mstari wa upeo juu ya kioo unapaswa kupita juu ya alama ile. Ukipita juu yake ao chini yake kwa santimeta 52, kosa ni digrii moja. Anafungua skrubu, anasogeza, anafunga, anapima tena.

Tena kuna jambo la kushangaza. Ndege ikiwa juu meta 1,000, upeo wa kweli unaonekana chini kidogo kuliko mstari sawa, karibu digrii moja, sababu dunia ni mviringo. Kwa hiyo piloti asiseme kioo kimeharibika akiona mistari miwili haipatani kule juu. Analinganisha chini, siyo juu.

9. KIOO KINAWEZA KUFUNGA MACHO

Mtu atasema: kioo kikiwa kizuri, chenye lenzi, chenye vipimo vya kweli, kimefungwa sawasawa, matatizo yamekwisha. Bado moja.

Mwaka 1980 watafiti wa NASA, huko Marekani, walitangaza jaribio walilolifanya katika ndege ya mfano isiyotoka chini. Mapiloti wa ndege za wasafiri walishuka mara nyingi kwa kutumia kioo cha kichwa-juu, na walishuka vizuri. Kisha mara moja, bila kuwaambia, watafiti wakaweka ndege nyingine katikati ya njia ya kushukia. Wengine hawakuiona. Waliendelea kushuka juu yake, macho yao yakitazama mbele. Jicho lilikuwa mbali, lakini akili ilikuwa imekamatwa na namba.

Basi kutazama si kuona. Sisi tunalijua hilo hata katika eksamini: mwanafunzi anatazama ulizo, anasoma maneno yote, na kujibu ulizo lingine. Ndiyo maana mapiloti wanafundishwa kuzima ao kupunguza maandishi mara kwa mara, na kujiuliza: "Nyuma ya namba hizi kuna nini?"

10. TUKAMATE NINI?

Kioo cha kichwa-juu ni kazi nzuri ya akili. Kinaunganisha vitu viwili ambavyo macho yalivitenga: saa na dunia. Lakini thamani yake yote ni kupatana. Mstari wake upatane na upeo wa kweli, namba yake ipatane na hewa ya kweli, alama yake ipatane na udongo wa kweli. Kisipopatana, ni afazali piloti ainame na kusoma saa zake za zamani, sababu saa inayoharibika inakaa kando, lakini kioo kinachodanganya kinasimama kati ya mtu na ukweli.

Kwa hiyo wajenzi wazuri wanashika sheria tatu. Saa za kawaida zinabaki mahali pake, na kioo ni msaidizi tu. Kioo kinajaribiwa kwanza siku nyingi katika hewa safi, upeo ukionekana, ili uongo wake ujulikane mapema. Na hakuna kuingia katika wingu kwa kukitegemea. Tena ndege yoyote, hata ya kujijengea, haipande angani pasipo ruhusa ya serikali. Kwetu Kongo kazi hiyo iko mikononi mwa Autorité de l'Aviation Civile.

Nani kati yetu atajenga ndege? Labda hakuna, labda mmoja. Lakini kila mmoja wetu atashika chombo fulani kinachoandika namba: mizani ya dawa, saa ya damu, mita ya umeme. Ulizo litakuwa lilelile: nani anakiambia, na nani amekilinganisha?

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Ndege inashuka kwa kilometa 126 kwa saa. Piloti akiinama sekunde tatu, imekwenda meta ngapi?

2. Sababu gani maji katika chupa hayaonyeshi kama ndege imelala upande wakati wa kugeuka vizuri? Chora nguvu mbili na jumla yake.

3. Telefone inaandika kilometa 100 kwa saa, na upepo unatoka mbele kwa 15. Mabawa yanaona mbio gani? Je, hapo kosa ni la hatari ao la salama? Eleza.

4. Fanya jaribio la msalaba wa mwanga pamoja na mwalimu wako wa fizike. Pima alama inahama kiasi gani bila lenzi, kichwa kikisogea santimeta 5.

Majibu yapelekwe kwa wenye kutengeneza gazeti hili. Masomo mema.